Daktari wa jeshi anafundishwaje kuokoa majeruhi akiwa kwenye operesheni?

Kwa sehemu kubwa ya mwaka, daktari wa jeshi hufanya kazi ambayo daktari yeyote wa wilaya angeitambua. Anatibu malaria, anapima presha, anaandika vyeti vya mapumziko, anamwangalia mtoto wa sajenti mwenye kikohozi, na usiku anaamshwa kwenda wodi ya wazazi. Kisha jina lake linatokea kwenye orodha ya wanaokwenda ulinzi wa amani. Miezi michache baadaye yuko kwenye kambi iliyozungushiwa mifuko ya mchanga, mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji, na gari linaingia getini likiwa na askari watatu waliopigwa risasi.

Makala haya yanaeleza mafunzo yanayotakiwa ili daktari huyo aifikie saa hiyo akiwa tayari. Jambo hili linatuhusu. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimepeleka askari wao kulinda amani nje ya mipaka. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania iliyokuwa Semuliki, katika eneo la Beni huko Kongo, ilishambuliwa. Askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Usiku kama ule si mahali pa kujifunzia kazi.

Kwa nini daktari mzuri wa hospitali hatoshi

Mwaka 1976 daktari wa mifupa aitwaye James Styner alianguka na ndege yake ndogo katika jimbo la Nebraska, Marekani. Mkewe alifariki na watoto wao waliumia vibaya. Huduma waliyopewa katika hospitali ndogo ya jirani ilimsikitisha sana, na kutokana na uchungu huo ikazaliwa kozi ya kuwafundisha madaktari namna ya kumpokea majeruhi mahututi kwa mpangilio. Kozi hiyo ilianza kufundishwa 1978 na leo inatolewa duniani kote. Kwa miaka mingi ilianza na njia ya hewa, ikafuata pumzi, kisha mzunguko wa damu, na kuendelea.

Ni kozi nzuri, na daktari wa jeshi anapaswa kuwa nayo. Lakini ndani yake kuna hospitali. Kuna taa, oksijeni, eksirei, maabara, bingwa wa kupigiwa simu, na mara nyingi mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Kwenye operesheni vitu hivyo huweza kukosekana vyote kwa pamoja, na anayetibu anaweza kuwa naye analengwa.

Majeraha yenyewe pia ni tofauti. Risasi ya bunduki ya kivita huingia kwa tundu dogo, lakini ndani huacha nyama iliyokufa kwa upana unaozidi mbali tundu hilo, tena ikiwa imeingiza vipande vya nguo na udongo. Mlipuko hufanya mambo kadhaa kwa mpigo: mgandamizo wa hewa unapasua ngoma za masikio na kuumiza mapafu, vipande vya chuma vinatoboa mwili, mtu anarushwa na kuvunjika, moto unamuunguza. Askari anaweza kuteremka kwenye gari kwa miguu yake, anaongea, na baada ya saa chache akaanza kushindwa kupumua.

Kuna kosa moja ambalo daktari aliyezoea hospitali za mjini hulifanya kwa nia njema kabisa, nalo ni kushona. Mkono wake umezoea kufunga kidonda kikawa nadhifu. Kidonda cha vita husafishwa, nyama iliyokufa huondolewa, kisha huachwa wazi chini ya bandeji na kufungwa siku nne au tano baadaye kikionekana safi. Ukikishona siku ya kwanza umewafungia vijidudu ndani, na kinachofuata ni usaha, kukatwa mguu au kifo. Somo hili ni la zamani na limelipiwa kwa maisha ya watu katika vita vingi, lakini kila kizazi cha madaktari hulisahau na kulazimika kulisoma upya. Wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wamelisisitiza kwa miaka mingi. Sehemu moja walikolitumia kila siku ni jirani kwetu: hospitali yao ya Lopiding, Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, iliyopokea majeruhi wa vita vya Sudan tangu 1987 hadi 2006.

Damu kwanza

Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa kwa dakika chache, kabla daktari hajavaa glovu. Kwa hiyo mpangilio wa chuoni hugeuzwa. Kwenye operesheni unaanza na damu inayotoka kwa kasi. Ukishaizuia ndipo unaangalia njia ya hewa, kifua na pumzi, dalili za kupungukiwa damu, halafu kichwa, na kumkinga majeruhi asipoteze joto. Miongozo yenye fikra hii ilianza kuchapishwa 1996 na madaktari wa jeshi la Marekani, akiwemo Frank Butler, daktari wa macho ambaye kabla ya udaktari alikuwa komando wa majini.

Kifaa kikuu hapa ni mkanda wa kubana, ule unaozungushwa juu ya jeraha la mkono au mguu na kukazwa kwa kijiti mpaka damu ikome. Kwa miaka mingi madaktari waliuogopa wakiamini kwamba kiungo kitaoza. Hofu hiyo ilipungua baada ya uchunguzi uliofanywa 2006 katika hospitali ya jeshi la Marekani mjini Baghdad. Waliofungwa mkanda kabla ya kuingia kwenye mshtuko wa kupoteza damu walipona takriban 9 kati ya 10. Waliofungwa wakiwa wameshaingia kwenye hali hiyo, alipona takriban 1 kati ya 10. Hakuna aliyepoteza kiungo kwa sababu ya mkanda wenyewe.

Hesabu pana zaidi iliwahusu askari wa Marekani waliokufa vitani kati ya 2001 na 2011. Kati ya vifo 4,596, asilimia 87 vilitokea kabla majeruhi hajafika hospitali yoyote. Karibu robo ya hao waliokufa kabla ya kufikishwa hospitali walikuwa na majeraha ambayo pengine yangetibika, na katika robo hiyo zaidi ya 9 kati ya 10 waliuawa na kuvuja damu.

Hapo ndipo daktari anapogundua kwamba kazi yake inaanza mikononi mwa mtu asiye daktari. Kikosi cha 75 cha Ranger cha Marekani kiliamua kwamba kila askari, hadi makamanda, atajua kuzuia damu, kufungua njia ya hewa na kushughulikia kifua kilichotobolewa. Katika kumbukumbu za majeruhi wao 419 kati ya 2001 na 2010, hawakumpata hata mmoja aliyekufa kabla ya kufika hospitali kwa jeraha ambalo huduma ya kwanza ingelizuia kuua. Umoja wa Mataifa nao una kozi ya huduma ya kwanza ya askari kwa mwenzake. Kwa hiyo daktari wa kikosi ni mwalimu kwanza. Anatakiwa awe amewafundisha askari wake kujifunga mkanda wenyewe, gizani, kwa mkono mmoja, wakiwa wamelala chini. Kuonyesha mara moja mbele ya darasa na kusaini fomu hakumsaidii mtu.

Mkanda una mipaka. Haufungiki kwapani, shingoni wala kwenye kinena. Hapo daktari na wasaidizi wake hufundishwa kusokota shashi ndani ya kidonda mpaka kijae, kisha kukandamiza kwa uzito wa mwili kwa dakika tatu au zaidi bila kuchungulia. (Kuchungulia ndiko kunakoharibu. Kila mtu hutaka kuona kama damu imekoma, na akifunua inaanza upya.) Na damu inapovuja ndani ya kifua au tumbo, hakuna cha kukandamiza. Majeruhi huyo anahitaji kisu, na kuanzia hapo mafunzo yanakuwa ya kukimbizana na saa.

Kumi, moja, mbili

Umoja wa Mataifa unafuata kanuni ya namba tatu. Ndani ya dakika 10 tangu kujeruhiwa, damu iwe imezuiwa na njia ya hewa iko wazi. Ndani ya saa 1, wataalamu wa tiba ya dharura wawe wameanza kazi. Ndani ya saa 2, anayehitaji upasuaji wa kuokoa maisha awe mezani.

Huduma zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 1 iko kambini kwa kikosi: madaktari wawili, wauguzi na wahudumu wachache, na nafasi ya kulaza wagonjwa watano kwa siku mbili hivi. Ngazi ya 2 ina chumba cha upasuaji na huweza kufanya operesheni tatu au nne kwa siku. Ngazi ya 3 ni hospitali ya mabingwa, kama ile ya Goma iliyoendeshwa na jeshi la India. Ngazi ya 4 ni hospitali kubwa nje ya eneo la mapigano.

Daktari kijana kwa kawaida hupangiwa Ngazi ya 1, na nadhani ndipo mafunzo yanapopaswa kuwa makali zaidi. Yeye hana chumba cha upasuaji. Ana mikono, mwanga wa tochi, dawa kadhaa na redio. Lazima ajue kuweka mrija kifuani, kufunga nyonga iliyovunjika kwa shuka, kutoa ketamini bila kusimamisha pumzi za mgonjwa, na kuingiza dripu kwenye mfupa mishipa inapokuwa imesinyaa. Lazima ajue pia asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayosaidia damu kuganda. Utafiti uliotolewa 2010 ukiwa na majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulionyesha kwamba inapunguza vifo, mradi itolewe ndani ya saa tatu. Baada ya hapo inaweza kudhuru. Hivyo saa ya kujeruhiwa huandikwa, ikibidi kwa kalamu kwenye ngozi ya majeruhi.

Na lazima ajue kuomba helikopta. Hili kwa kawaida halifundishwi kwenye vyuo vya tiba vya kiraia. Maelezo hutolewa kwa sentensi fupi: ameumizwa na nini, ana majeraha gani, mapigo na pumzi vikoje, amepewa nini. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kuhusu Semuliki uligundua kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea askari nguvu na kuwatoa pale, na kwamba nyenzo muhimu, usafiri wa anga ukiwemo, zilipungua. Daktari hawezi kununua helikopta. Anaweza kufundishwa kuuliza kabla ya siku ya shambulio: usiku zinaruka? Nani anatoa ruhusa? Zikikataa, barabara ipi? Halafu apange ni majeruhi gani atalazimika kukaa naye mpaka asubuhi, na kwa dawa zipi.

Kujua kuacha

Kwenye Ngazi ya 2 yupo daktari wa upasuaji, na somo lake gumu kuliko yote ni kuacha kazi nusu. Majeruhi aliyepoteza damu nyingi hupoa, damu yake inakuwa na asidi, na huacha kuganda. Hali hizi tatu huchocheana. Mpasuaji akikaa saa nne akiunganisha utumbo kwa ustadi, ataumaliza utumbo na mgonjwa atakuwa amekufa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapasuaji wa Philadelphia, waliokuwa wakipokea vijana wengi wa risasi za mitaani, walieleza njia nyingine. Fungua tumbo, zuia damu, jaza vitambaa kuzunguka ini, funga miisho ya utumbo uliotoboka ili kinyesi kisimwagike, kisha toka ukiwa umetumia takriban saa moja. Tumbo linafunikwa tu. Mgonjwa anapashwa joto, anaongezewa damu, na siku moja au mbili baadaye anarudishwa mezani kumaliziwa, mara nyingi katika hospitali nyingine na kwa mikono mingine. Mtu aliyesomea umahiri kwa miaka mingi huona hii kama kazi chafu, na ndiyo maana hufanyishwa mazoezi mara nyingi huku mwalimu amesimama nyuma yake na saa mkononi.

Damu ya kuongeza ni tatizo lingine. Friji ya damu kambini huwa ndogo au haipo. Majeshi mengi hutumia benki ya damu inayotembea, yaani askari wenyewe. Kabla ya safari kila mmoja hupimwa kundi la damu pamoja na Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende. Dharura ikitokea, waliochaguliwa huitwa, wanapimwa tena kwa vipimo vya haraka, na damu yao huingia kwa mwenzao ikiwa bado na joto. Kwa vikosi vya kwetu kipimo cha malaria kisiachwe. Zoezi hili lisipofanyiwa majaribio kamili, wakati wa shida huvurugika: mifuko haionekani, orodha ni ya kikosi kilichoondoka, na wachangiaji wako lindoni.

Wanajifunzia wapi?

Nchi iliyo na amani haina majeruhi wa kutosha wa kumfundishia daktari wa jeshi. Hiyo ni habari njema kwa kila mtu isipokuwa kwake. Waingereza wana jina la kushuka kwa ujuzi kati ya vita na vita: wanaliita bonde la Walker, kwa jina la daktari wa jeshi lao la majini, Alasdair Walker.

Dawa mojawapo ni kumpeleka daktari kwenye hospitali za raia zenye majeruhi wengi. Jeshi la nchi kavu la Marekani limekuwa likipeleka timu zake za upasuaji katika kituo cha majeruhi cha Miami, ambako mwishoni mwa mafunzo timu hukabidhiwa zamu iiendeshe yenyewe. Madaktari wa kijeshi wa Uingereza wamekwenda Johannesburg, katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, ambako usiku wa mwisho wa mwezi huleta majeraha ya visu na risasi kwa wingi usioonekana Ulaya. Mtu anaweza kuona karaha kidogo kwamba umaskini na vurugu za watu wengine vimekuwa darasa. Naiona pia. Lakini mgeni anayefanya zamu kamili, chini ya wenyeji, anaongeza mikono pale inapopungua.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala hupokea kila siku majeruhi wa bodaboda na magari. Si risasi, ni kweli. Lakini mrija wa kifuani ni uleule, nyonga inayovuja damu ni ileile, na uamuzi wa nani aingie kwanza chumba cha upasuaji saa nane usiku haubadiliki kwa sababu mgonjwa amevaa sare. Miezi miwili au mitatu ya zamu hizo kabla ya safari, timu ikiwa pamoja, ina faida kuliko wiki ya slaidi.

Nasema timu kwa makusudi. Uingereza ina hospitali nzima ya uwanjani iliyojengwa ndani ya jengo kubwa kama ghala huko Strensall, karibu na York. Kabla ya kuondoka, wote hupitishwa hapo: madaktari, wauguzi, watu wa maabara, wabeba machela. Watu waliopoteza miguu katika maisha yao halisi huigiza majeruhi, wakipaka damu bandia na kupiga kelele. Kinachopimwa zaidi ni mazungumzo. Daktari akisema "mpe gramu moja", muuguzi anarudia "natoa gramu moja", kisha anasema "nimetoa". Kwenye jeshi kuna ugumu wa ziada, maana koplo muuguzi anaweza kuona kosa la meja daktari na akanyamaza kwa heshima ya cheo. Mafunzo mazuri humlazimisha koplo aseme, na meja amshukuru mbele za watu.

Wakija wengi kwa mara moja

Mlipuko mmoja unaweza kuleta majeruhi 30 kwa madaktari wawili. Nairobi ililijua hili tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa: watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, wengi kwa vioo, kwa kuwa walikuwa wamekimbilia madirishani kuona kelele ya kwanza ilikuwa ya nini. Katika hali hiyo wanaofika mapema ni wale wanaoweza kutembea, nao ndio huziba mlango.

Kwa hiyo daktari mwandamizi hatibu. Anasimama mlangoni na kupanga: nyekundu kwa anayekufa sasa lakini anaokoleka, njano kwa anayeweza kusubiri, kijani kwa anayetembea. Kundi la nne ndilo linalowakosesha watu usingizi, la majeruhi aliye hai ambaye hawezi kuokolewa bila kuwaacha wengine watano wafe. Huyo hupewa dawa ya maumivu na mtu wa kukaa naye.

Mikataba ya Geneva ya 1949 inaongeza sharti: utaratibu hufuata hali ya mgonjwa peke yake. Mpiganaji aliyewashambulia, akiwa na kundi jekundu, anaingia kabla ya askari wako wa kundi la njano. Hili nalo hufanyiwa zoezi, kwa sababu kulikubali darasani ni rahisi, na kulitekeleza mbele ya askari wenye hasira na silaha ni jambo jingine.

Ujuzi huu huchakaa. Daktari aliyefuzu Januari na asiweke mrija wa kifuani mpaka Oktoba atasitasita, kwa hiyo vikosi makini hufanya zoezi dogo kila wiki kambini, hata la dakika 20, na daktari anayeondoka hukaa siku kadhaa na anayeingia, akimwonyesha vifaa na kumweleza makosa yao wenyewe.

Anaporudi nyumbani, wodi inamsubiri na malaria zake. Wengine hurudi na kitu kingine pia: usingizi wa kukatika, ndoto za majeruhi fulani, hasira za ghafla kwa watoto, kuepuka harufu ya nyama choma. Wiki chache za hali hiyo ni kawaida. Ikizidi mwezi mmoja, au akianza kutegemea pombe ili alale, amwone mtaalamu wa afya ya akili. Akitokea mwenye mawazo ya kujidhuru, asisubiri mwezi. Aende hospitali siku hiyohiyo, na mwenzake wa timu amsindikize.